SOMO: Mchicha njano, sato wanahema juu ya maji. Soma hapa kabla hujanitumia picha

Wadau, salaam. Wiki hii peke yake nimeletewa picha tisa za mchicha wa njano, na zote zimekuja na swali lilelile: "Mkuu, niweke nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa.

Kwa wageni: mfumo wangu wa kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yaleyale (akuaponiki) uko uani, Mbezi, Dar. Tenki la lita 1,000, yale ya plastiki yenye fremu ya chuma, lina sato. Juu yake kuna vitanda viwili vya kokoto na pampu moja ndogo. Maji yanapanda kitandani, yanashushwa na sifoni (bomba linalojivuta lenyewe kitanda kikijaa), yanarudi kwa samaki. Samaki wanatoa amonia, bakteria wanaoishi kwenye kokoto wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, na hiyo nitreti ndiyo mbolea ya mboga. Mboga ikigoma, mara nyingi mnyororo huu umekatika mahali.

1. Pima maji kabla ya kugusa chochote. pH (kipimo cha uchachu wa maji: chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni upande wa chokaa), amonia, nitriti, nitreti. Vipimo vya matone wanavyo wauza samaki wa mapambo.

2. Samaki kwanza, mboga baadaye. Mchicha utakungoja wiki nzima, sato hakungoji mpaka kesho. Wakihema juu alfajiri na mchana wakawa wazima, wanakosa oksijeni. Ongeza hewa na funika tenki, maji yasigeuke kijani, maana mwani unatoa oksijeni mchana na kuivuta usiku. Pampu ya hewa iwe na betri. Umeme ukikatika saa nane usiku wewe umelala.

3. Amonia au nitriti ikipanda: acha kulisha, toa mizoga na mabaki, badilisha theluthi ya maji. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza, klorini itoke. Nitriti ikiwa juu, yeyusha chumvi kilo 1 kwa lita 1,000, inaizuia isipenye kwenye matamvua. Mfumo mpya uupe wiki nne hadi sita kabla ya kujaza samaki.

4. Chakula: wanachomaliza ndani ya dakika kumi. Kinachobaki kinaelea, kitoe.

5. Kokoto. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nivumilieni.

Nilipoanza nilinunua kokoto za Kunduchi kwa sababu ziko karibu na lori lake ni rahisi. Nyeupe nyeupe, nzuri kwa macho. Zile ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Chokaa ndani ya maji inayeyuka kidogokidogo na kushikilia pH kwenye 8, hapo chuma inaganda na mboga haiwezi kuinyonya hata kama ipo. Majani machanga yakawa njano, mishipa ikabaki kijani. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema dawa ya pH ni tindikali, nikakamua ndoo ya ndimu nikamimina moja kwa moja kwenye tenki. Jioni pH ikasoma 6.5, nikalala nimefurahi. Asubuhi 7.6. Nikakamua tena. Nilicheza mchezo huo siku nne.

Nisichojua ni kwamba tindikali ya ndimu inaua bakteria. Wale wa kwenye kokoto walipungua, amonia ikaanza kulundikana, na chokaa ikairudisha pH juu. Kwenye nyuzi joto 28 na pH 7, sehemu kali ya amonia haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inakaribia asilimia 7. Amonia ileile, sumu karibu mara kumi. Siku ya tano nilizika sato 38 chini ya mpapai.

Kwa hiyo:

Chukua kokoto kumi kutoka sehemu tofauti za lundo, zioshe, zikauke, zidondoshee siki. Zikitoa povu, USINUNUE. Usipime moja tu, malori yanachanganya. Na usiamini mdomo wa muuzaji. Siku hizi kila kokoto ni "ya Lugoba" (machimbo ya kule Chalinze). Za Lugoba halisi ni ngumu, za kijivu, na siki haizifanyi kitu. Ni ghali kwa sababu ya usafiri, lakini utalipa mara moja.

Kama umeshaziweka za chokaa, zitoe, hakuna mkato. Ila USITOE vitanda vyote siku moja, utakuwa umetupa bakteria wote. Mimi nilibadilisha kimoja, nikangoja wiki tano, ndipo cha pili. Na pH usiishushe ndani ya tenki lenye samaki, hata kwa tindikali nzuri. Rekebisha maji ya kuongezea kwenye pipa la pembeni. Lengo ni 6.8 hadi 7.

6. Soma jani. Machanga njano, mishipa kijani: chuma. Ya chini njano jani zima: nitrojeni, samaki ni wachache au mfumo mchanga. Ya chini yameungua kingo: potasiamu. Nyanya ina kitako cheusi: kalsiamu.

7. Wadudu: maji ya nguvu na mikono. Dawa ya dukani marufuku.

---

Kijana wa Goba: Mkuu somo zuri. Mchicha wangu umekuwa njano, niweke nini?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Kijana wa Goba: Sina kipimo mkuu, si unikadirie tu?

Mwandishi: Sipigi ramli.

Mzee wa Perege: Mbona jirani yangu ana kokoto za Kunduchi mwaka wa pili na matembele yamefunga kitanda? Tusitishane.

Mwandishi: Sijamtisha mtu, nimesema yaliyonikuta. Matembele yana roho ngumu mzee wangu. Mwambie apande figili au stroberi hapo, kisha uje na picha.

Mama Ua: Samahani kaka, niko Kigamboni, natumia kisima. Kokoto nimezipima kwa siki, hakuna povu. Ila pH haishuki chini ya 7.9. Nimeweka ndoo mbili za maji ya kisima, moja na kokoto, moja bila. Baada ya siku tatu zote 7.9. Nakosea wapi?

Mwandishi: Dada, hujakosea popote, kipimo cha ndoo mbili ungeniwahi nacho ningeokoa samaki wangu. Tatizo ni maji yenyewe, kisima chako kina chokaa iliyoyeyuka. Kinga maji ya mvua, changanya nusu kwa nusu, upime. Unapongoja, wape chuma ya unga. Pakiti iandikwe DTPA (ni kishikizo kinachozuia chuma isigande), inafanya kazi hadi pH 7.5 hivi. Ukiwa juu ya hapo tafuta ya EDDHA, itageuza maji mekundu, usishtuke. Kiasi ni gramu 2 za chuma halisi kwa lita 1,000. Kama unga una asilimia 6, unapima gramu 33. Halafu yaonje. Kisima cha pwani kikiwa na chumvi, maji yanakauka na chumvi inabaki, kila ukiongezea inazidi.

Mama Ua: Yana chumvi kidogo kweli. Ahsante sana kaka.

Mwandishi: Basi mvua iwe nyingi kuliko kisima. Nipe majibu baada ya wiki mbili, nami nataka kujua.

Mkulima Kiganjani: Vidukari vimejaa. Pareto si ni ya asili? Naweza kupuliza?

Mwandishi: Ya asili ndiyo, na ni sumu kali kwa samaki. Sabuni pia inaharibu matamvua. Kwa viwavi ipo dawa salama, ile ya bakteria iitwayo Bt.

Kijana wa Goba: Mkuu nimenunua kipimo. pH 7, amonia 0, nitriti 0, nitreti 0.

Mwandishi: Umeona sasa? Maji masafi, mboga ina njaa. Una samaki wangapi?

Kijana wa Goba: Sita. Walikuwa ishirini, kunguru wamewala.

Mwandishi: Dogo, hilo ungelisema mwanzo. Ongeza vifaranga, na ufunike kwa wavu uliokazwa. Ukilegea kunguru anatua juu yake, unazama, anadonoa.

Mzee wa Perege: Mimi nafuga kambale, anavuta hewa ya juu, umeme ukikatika sina presha. Ila watenge kwa ukubwa, wanalana.

Mama Ua: Na ile harufu ya tope sato akipikwa?

Mzee wa Perege: Mtoe siku tatu kabla, mweke kwenye maji masafi yenye hewa, usimpe chakula. Mimi namalizia na ukwaju.