Pilingi ya uso (kubambua ngozi ya juu) kwa asidi ya salisiliki 20%: hatua kwa hatua, kwa ngozi yetu na jua la Dodoma

Mteja mwenye madoa meusi ya chunusi mara nyingi anataka dawa kali ili amalize mapema. Usimfuate. Ngozi ya maji ya kunde na nyeusi ikiungua hata kidogo hujihami kwa kumwaga rangi, na wiki mbili tatu baadaye uso una mabaka kuliko ulivyokuja. Matokeo mazuri yanatokana na maandalizi ya wiki kadhaa kabla na kinga ya jua baada. Zile dakika chache za asidi ni sehemu ndogo ya kazi.

Mwongozo huu ni wa wahudumu waliopata mafunzo, na unahusu pilingi ya juujuu tu. Si kazi ya kujifanyia nyumbani mbele ya kioo. Tumechagua salisiliki kwa sababu inapenda mafuta: inapenya kwenye vinyweleo vilivyoziba, kisha hujizuia yenyewe. Glaikoliki ni nzuri pia, ila lazima uizime kwa wakati, na dakika moja ya kuchelewa inaunguza. Asidi ya trikloroasetiki na fenoli mwachie daktari wa ngozi. Fenoli inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Hatua ya 1: Mhoji, kisha mwangalie

Usifanye kwa mjamzito, anayenyonyesha, mwenye mzio wa aspirini, mwenye kidonda au mchubuko usoni, au anayemeza isotretinoini (vidonge vya chunusi kali). Mwenye historia ya makovu yanayovimba (kiloidi) aonwe na daktari kwanza. Anayetokwa na vilengelenge vya hapesi mdomoni mara kwa mara aandikiwe asaiklovia kabla ya siku ya pilingi, maana asidi inaweza kuviamsha.

Halafu mkorogo, yaani krimu za kujichubua zilizochanganywa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa sababu ukiuliza "unatumia mkorogo?" utajibiwa hapana. Sema hivi: "Dada, naomba uje na kila kitu unachopaka, hata sabuni, kwenye mfuko." Kisha tumia macho. Vifundo vya vidole vyeusi kuliko mkono, uso na shingo rangi mbili, mishipa myembamba myekundu mashavuni, vinyweleo vipya kwenye taya: hiyo ni ngozi iliyokonda kwa steroidi kama klobetasoli, au iliyochoshwa na haidrokwinoni na zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Asidi itakayomvua mwingine unga mwembamba itamchuna huyu hadi kwenye nyama. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, kwa sababu steroidi ikiachwa ghafla uso huwaka na kutoka vipele. Sisi hatumgusi mpaka ipite angalau miezi mitatu na ngozi imetulia.

Mwambie pia wazi kwamba pilingi haimfanyi mweupe. Inarudisha rangi yake, basi.

Hatua ya 2: Wiki 2 hadi 4 za maandalizi

Kila asubuhi losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, yenye alama ya UVA. Kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo. Usiku krimu ya asidi ya azelaiki kama ngozi inaivumilia. Anayetumia krimu za chunusi za tretinoini au adapaleni aache wiki moja kabla. Wiki hiyo pia hakuna nta, uzi, wembe, skrabu wala dawa ya nywele. Wanaume wakumbushwe: spiriti na skrabu za kinyozi zinahesabika.

Wiki moja kabla, jaribu tone moja nyuma ya sikio.

Hatua ya 3: Meza ya kazi

Glovu, shashi, brashi bapa, bakuli dogo la kioo, mafuta ya mgando, saa yenye sekunde, feni, na maji safi ya baridi lita moja na nusu. Tumia ya chupa. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na yanakausha ngozi ambayo tayari imekaushwa. Weka pia chupa ya maji ya chumvi ya hospitali, kwa ajili ya macho.

Kagua asidi yenyewe. Ukiona chengachenga nyeupe kwenye mdomo wa chupa, ethanoli (spiriti iliyoyeyusha asidi) imekuwa ikitoroka, na iliyobaki ndani inaweza kuwa kali kuliko 20% ya kwenye lebo. Itupe. Na kwa kuwa ethanoli inashika moto, umeme ukikatika usiwashe mshumaa humo chumbani.

Hatua ya 4: Kupaka

Mlaze kichwa kikiwa kimeinuka, macho yamefungwa na kufunikwa kwa shashi yenye unyevu. Osha uso, kausha, kisha futa mafuta kwa shashi yenye spiriti kidogo, bila kusugua. Pale ulipoacha mafuta asidi haitashika, na pale uliposugua sana itazama. Mabaka mengi yanaanzia hapa. Paka mafuta ya mgando pembe za macho, kando ya pua, midomo na pembe zake.

Mimina mililita 2 hadi 3 tu. Brashi isidondoshe. Anza paji la uso, nenda mashavu, kidevu, pua, malizia juu ya mdomo. Tabaka moja kwa mara ya kwanza. Washa feni. Muulize maumivu kwa kipimo cha 1 hadi 10: hupanda kwa dakika mbili hivi kisha hushuka, kwa sababu salisiliki hutia ganzi kidogo.

Utaona weupe kama unga. Hizo ni chembe za asidi zilizobaki baada ya ethanoli kukauka, na zinafutika kwa shashi yenye maji. Weupe usiofutika, hasa wa kijivu, ni protini ya ngozi iliyoiva: asidi imezama. Osha papo hapo.

Dakika 3 zinatosha. Osha kwa maji mengi hadi unga uishe. Akilalamika masikio yanavuma au kizunguzungu, osha mara moja na umpeleke kwa daktari. Ikiingia jichoni, mwagilia dakika 15, kisha hospitali.

Hatua ya 5: Siku saba za nyumbani

Ngozi hukaza siku ya kwanza na kuanza kubambuka siku ya 2 au 3. Upepo mkavu wa kuanzia Juni hadi Oktoba, pamoja na vumbi, huzidisha ukavu huo. Apake mafuta ya mgando asubuhi na usiku, na losheni ya jua juu yake kila saa mbili akiwa nje. Kofia pana au mtandio, hata siku ya mawingu. Dereva wa bodaboda, mvunaji wa zabibu wa Hombolo na mama lishe anayeinamia jiko siku nzima wapangiwe siku za mapumziko, wasipozipata, ahirisha.

Asivute ngozi inayoning'inia. Aikate kwa mkasi mdogo safi. Wekundu unaozidi siku 3, vilengelenge au usaha, arudi bila kusubiri miadi.

Raundi inayofuata

Mpe wiki 3 hadi 4. Mpige picha dirisha lilelile, saa ileile, ulinganishe. Kama kuna doa jipya, rudi kwenye maandalizi. Kama ngozi ni safi, ongeza tabaka moja au dakika moja, lakini usiongeze vyote kwa siku moja.