Kabla hujachomelea vyuma chesisi ya Mustang au Camaro ya zamani, anza na jeki

Watu wakishafunga injini kubwa ya V8 (silinda nane) wanakimbilia kuimarisha chesisi, mi nasema ngoja kwanza, jua gari yako imejengwaje. Pontiac GTO ya 1964 ina fremu kamili chini, bodi imekalishwa juu kwa bolti. Mustang na Dodge Charger hazina fremu ya kujitegemea, bodi yenyewe ndo chesisi. Camaro ya 1967 sasa iko katikati, mbele kuna fremu fupi inayobeba injini, imefungwa kwa bolti na bushi za raba, kuanzia hapo kurudi nyuma ni bodi tupu, na pale kati chini ya miguu ya dereva ndo panapojikunja.

Kupima ni rahisi. Paki pa tambarare, weka jeki kona moja ya mbele, inua polepole huku unaangalia mwanya wa mlango upande huo. Mwanya ukibana kwa juu au mlango ukagoma kufunga, bodi inacheza. Yangu ilikuwa mpaka niupige mlango na nyonga ndo ufunge.

Ila usikimbilie kuchomelea! Chukua bisibisi uchokonoe kwenye vizingiti vya milango na reli za chini (vile vyuma virefu chini ya bodi), ikizama hiyo ni kutu, na chuma kipya juu ya kutu ni kazi bure kabisa. Bushi za Camaro nazo badilisha kwanza, raba ya miaka 50 imeshakufa.

Kama bado inacheza, weka reli mbili za bomba la mraba zinazounganisha fremu ya mbele na reli za nyuma. Hapa tafadhali sana, gari ikae kwenye matairi yake au stendi ziwe chini ya ekseli, manake ukiichomelea ikiwa inaning'inia unaufunga ule mpindo humohumo na milango haitakaa sawa tena. Toa kapeti, chomoa betri, mtu asimame na mtungi wa kuzimia moto, alafu choma vipande vifupifupi ukibadilisha upande ili joto lisivute bati.

Mustang ongezea na brasi, yaani chuma cha kukaza, ya kuunganisha minara ya springi za mbele na ukuta wa injini, inafungwa kwa bolti tu. Isiyo na paa la chuma ndo inahitaji zaidi, japo kiwandani walishaiongezea vyuma.

Gari yenye kila kitu cha kiwandani na unaendesha taratibu wikiendi, mi nisingeichomelea, ningetumia reli za kufunga kwa bolti.