Kukata miti iliyoziba njia: jinsi ya kutumia msumeno bila kuumia

Masika yakiisha watu wengi hujitolea kusafisha njia za kutembea, huku pwani ya Kenya, iwe kule Nguuni, Shimba Hills ama vile vijia vya kando ya mikoko Tudor, na ni jambo zuri sana manake matawi yanakuwa yamejaa na mikono ya kuyatoa ni michache. Lakini kuna kitu kinanisumbua, watu huja na misumeno wakidhani hatari yote iko kwenye meno. Meno yatakukata kidole, sawa, ila kinachovunja mguu wa mtu ni mti wenyewe, kwa sababu mti ulioanguka haujalala, umejikaza, na wewe ukikata unaifungulia ile nguvu yote kwa mara moja.

Kabla ya yote ni ruhusa. Shimba Hills ni ya KWS, shirika la wanyamapori, na kuna ndovu mle, kwa hivo bila askari wao usiingie msituni na msumeno. Mikoko iko chini ya KFS, shirika la misitu, usiguse hata tawi bichi. Na kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zile zilizoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, hukati kitu mpaka wazee wenyewe waseme, hata kama ni mti mkavu umelala katikati ya njia.

Halafu pawasoo, yaani msumeno wa injini, jamani, waachieni waliofunzwa. Ukigusa gogo na ile ncha ya juu ya ule ubapa wake inaruka nyuma kuja usoni kabla hujajua kumetokea nini, na kelele yake inapita desibeli 100 so bila vifaa vya masikio unajiumiza tu. Aliyefunzwa naye aishike kwa mikono miwili, asiipandishe juu ya mabega, asiongeze petroli injini ikiwa moto. Kazi nyingi ya njia ni matawi na vigogo vyembamba, msumeno wa mkono wa kukunja ama ule wa upinde unatosha kabisa.

Nguo usizifanyie mzaha. Champali hapana, vaa viatu vilivyofunika mguu wote, suruali ndefu, miwani ya kazi, na helmeti kama kuna matawi juu yenu. Leso, mtandio, kitu chochote kinachoning'inia kifunge ama kichomeke ndani. Glavu muhimu zaidi ni ya ule mkono usioshika msumeno, manake huo ndio unaokatwa, msumeno unaruka pale mwanzo kabla haujapata njia yake. Anza kwa kuvuta polepole mara mbili tatu, mkono mwengine uwe mbali, mkato ukishaingia ndio uongeze mwendo. Na kwenye matatu ama tuktuk msumeno uwe umekunjwa au uko ndani ya ala yake, kuna watoto mle.

Sasa tuje kwa mti wenyewe, na hapa ndipo nataka usome taratibu. Gogo likiwa limeegemea huku na huku na katikati liko hewani, upande wa juu umebanwa na wa chini umevutika. Ukikata juu tu moja kwa moja mpaka mwisho, mkato unajifunga na msumeno unanaswa, halafu utaanza kuuvuta kwa nguvu na hapo ndo watu huumia. Kata juu kidogo, kama theluthi moja, kisha malizia kutoka chini, mguu wako usiwe chini ya gogo. Likiwa limeshikwa upande mmoja tu na mwengine unaning'inia, geuza: upande wa juu ndio umevutika, anza chini theluthi, malizia juu. Hujui lipi ni lipi? Angalia mkato unavyokwenda, ukiona unajifunga simama, ukiona unafunguka haraka na mti unalia, toa msumeno na urudi nyuma.

Kibaya kuliko vyote ni kale kamti kembamba kaliokunjwa chini ya mti mkubwa. Watu hukadharau kwa vile ni kembamba, lakini ni kama mshale kwenye upinde, ukikakata kwa mara moja kanaruka na kukupiga kifuani au kwenye meno. Mjuzi husimama pembeni akakwaruza kidogokidogo ule upande wa ndani wa mkunjo mpaka nguvu iishe. Kama ndo siku yako ya kwanza kaache, mwite kiongozi.

Tawi zito ambalo bado liko mtini likatwe mara tatu: kwanza chini, mbali kidogo na shina, halafu juu, mbele kidogo ya ule mkato wa kwanza, likishaanguka ndio umalizie kile kisiki kilichobaki. Hivo halichani gome la shina na halikurudii.

Inua macho pia. Tawi kavu lililonasa juu linaweza kudondoka upepo wa kusi ukivuma tu, na nyaya za stima zikiwa karibu kazi hiyo si yenu kabisa. Gonga shina na usikilize kama kuna nyuki. Kwenye miembe na mikanju ya pwani kuna nyoka wa kijani mwenye sumu kali, na utomvu wa miti hiyo unawasha ngozi. Mnyaa usiukate bila miwani, maziwa yake yakiingia jichoni ni balaa, osha kwa maji mengi na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kwenye mteremko simama upande wa juu wa gogo na hakikisha hakuna mtu chini. Wengine wakae mbali, anayekata awe mmoja na mwengine aangalie tu, na jua likishakuwa kali pumzikeni, mtu aliyechoka hashiki msumeno vizuri.

Mtu akikatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu na usifungue kila dakika kuchungulia. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu ama 999. Na mpange hospitali kabla hamjaanza kazi: mkiwa Shimba Hills nendeni Kwale hapo karibu badala ya kukimbilia hospitali ya Makadara kule Mombasa, hutaki kuwa na mtu anayevuja damu kwenye foleni ya feri Likoni. Hata jeraha dogo uliza sindano ya pepopunda.

Jioni futa utomvu kwa mafuta taa, kausha, paka mafuta, hewa ya chumvi yetu hula chuma haraka. Meno yakiwa butu yapige tupa kabla ya safari nyengine, msumeno butu unakulazimisha usukume kwa nguvu, na ukisukuma kwa nguvu unateleza.