Somo: Kukusanya singo za Ric-Tic ya Detroit bila kuuziwa feki

Ric-Tic ni lebo nzuri ya kujifunzia kukusanya singo, yaani santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Ilikuwa kampuni ndogo ya muziki wa soul ya Detroit, Marekani, mali ya Ed Wingate na Joanne Bratton, na ilikuwa ndugu ya lebo yao nyingine, Golden World. Studio yao ilikuwa West Davison, na wapiga vyombo wa Motown, kampuni kubwa ya soul ya mji huohuo, walikuwa wakienda kule kimyakimya kujiongezea riziki. Ndiyo maana besi na ngoma za Ric-Tic zinakufanya ugeuke ukidhani ni Motown. Mwaka 1966 Berry Gordy, mwenye Motown, alinunua Golden World pamoja na studio, ikawa Studio B ya Motown. Ric-Tic ikasukuma hadi 1968, nayo ikamezwa. Namba zake zinaanzia 100 na hazifiki 150. Orodha ina mwanzo na mwisho, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifukuzia.

Hatua ya 1: Andika orodha kwa namba, usifuate majina

Fungua daftari au jedwali kwenye simu. Safu tano zinatosha: namba ya singo, msanii, upande A na B, nakala ya dukani au ya redio, na maandishi ya kwenye ukanda mtupu (tutaufikia). Orodha za namba zipo kwenye tovuti za Discogs na 45cat, pamoja na picha. Linganisha zote mbili, maana wanaoingiza taarifa ni watu kama sisi na hukosea.

Kwa nini namba? Kwa sababu wimbo mmoja unaweza kutoka mara tatu kwenye santuri tofauti, miaka tofauti. Muuzaji akikuandikia jina la mwimbaji na lebo tu, "Edwin Starr, Ric-Tic", hajakwambia kitu. Akikuandikia "Ric-Tic 109", mnazungumza.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini kitu ni adimu

Hapa wengi wanapotea. Singo iliyovuma ilichapwa kwa wingi, kwa hiyo leo ni rahisi. "Agent Double-O-Soul" ya Edwin Starr (103, mwaka 1965) iliingia chati za Marekani, na nakala nzuri hupatikana kwa dola chache. San Remo Golden Strings (104) ni hivyo hivyo. Ile ambayo redio za Detroit hazikuipiga ilichapwa kidogo, ikasimamishwa, iliyobaki ikauzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo inayotafutwa. Kwa ufupi, tunakusanya zilizofeli.

Walioziokoa ni wacheza dansi wa kaskazini mwa Uingereza, mashabiki wa Northern soul. Kumbi kama Twisted Wheel ya Manchester na baadaye Wigan Casino, iliyoanza usiku wa soul mwaka 1973, zilitaka nyimbo za kasi ambazo hakuna mwingine anazo. Ma-DJ walibandika karatasi juu ya lebo ili mpinzani asijue jina la wimbo. Bei zikapanda, na bei ikipanda feki hufuata.

Jambo moja la kukumbuka: nakala za redio, zenye lebo nyeupe au neno la promosheni, si lazima ziwe adimu kuliko za dukani. Kwa wimbo uliofeli mapema, mara nyingine ni kinyume, kwa kuwa za redio zilishasambazwa na za dukani hazikuwahi kuagizwa nyingi.

Hatua ya 3: Soma santuri yenyewe kabla ya karatasi yake

Karatasi ya katikati inaigwa kirahisi. Kilicho kigumu kuiga ni ukanda mtupu, ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na karatasi. Omba picha yake, taa ikitoka ubavuni. Tazama haya:

Alama ya kiwanda. Santuri nyingi za Detroit zilichapwa American Record Pressing, Owosso, Michigan, kiwanda kilichoungua 1972. Alama yake ni herufi ARP zilizoshikana, zimegongwa kwa muhuri. Ukiona pembetatu ndogo yenye namba, pamoja na MR ndani ya duara, hiyo ni Monarch ya Los Angeles.

Mwandiko au muhuri. Namba zilizogongwa kwa mashine ni dalili njema. Zilizokwaruzwa kwa mkono zinatia shaka, ila zisikufanye ukimbie, kwa sababu zipo nakala halisi zilizoandikwa kwa mkono. Linganisha na picha ya nakala inayojulikana kwa namba ileile.

Chapa ya karatasi. Feki nyingi zilitengenezwa kwa kupiga picha lebo halisi. Herufi ndogo, hasa majina ya watunzi na wachapishaji, huvimba na kujaa wino.

Sauti. Feki hunakiliwa kutoka kwenye santuri, si kwenye utepe wa studio. Omba sekunde 20 za mwanzo. Ukisikia mikwaruzo ambayo picha haionyeshi kwenye mifereji (mistari inayopita sindano), au sauti ya matoazi imezimika kana kwamba umeifunika blanketi, usinunue.

Kisha jua malighafi. Singo za Marekani zilikuwa za vinaili au za stairini, aina mbili za plastiki. Stairini ni ngumu, haipindiki kwa mkono. Ukiigonga ukingoni kwa ukucha inalia kwa sauti ya juu, na karatasi yake imebandikwa kwa gundi juu. Kwenye vinaili karatasi imeshindiliwa pamoja na santuri. Tofauti hii si ya kitaaluma tu: stairini huliwa haraka na sindano. Inaweza kung'aa kama kioo huku sekunde za mwanzo zikivuma "shhh", kwa sababu DJ aliirudisha nyuma na mbele kutafuta pa kuanzia. Macho hayaoni hilo, sikio ndilo linaloona.

Hatua ya 4: Bei hufuata hali

Kipimo cha hali ya santuri cha Goldmine, jarida la wakusanyaji la Marekani, kinatumika karibu kila mahali. Ikiwa nakala ya NM, yaani karibu mpya, inauzwa dola 80, VG+ ni takriban nusu, dola 40. VG, yaani "nzuri sana", ni robo, dola 20. G, licha ya herufi yake kumaanisha "nzuri", ni dola 8 hadi 12, na itakwaruza wimbo mzima. Kwenye Discogs angalia historia ya mauzo, usitazame bei zinazoombwa. Kuomba hakugharimu kitu.

Vifupisho utakavyokutana navyo: WOL ni maandishi kwenye lebo, SOL ni stika kwenye lebo, DH ni tundu la kutobolewa (alama ya mali iliyouzwa kwa bei ya kutupa), NAP ni dosari isiyosikika. WOL hushusha bei kuliko inavyostahili, kwa hiyo ni rafiki wa mnunuzi anayetaka kusikiliza.

Hatua ya 5: Kufikisha nyumbani

Nauli ya singo moja kutoka Marekani inaweza kuzidi bei ya singo. Muombe muuzaji akuwekee tano au sita kisha atume pamoja. Aweke kila moja nje ya bahasha yake, katikati ya makaratasi mawili magumu makubwa kuliko santuri. Stairini haipindi, inapasuka. Chagua huduma yenye namba ya kufuatilia. Kwenye fomu ya forodha aandike thamani halisi na namba 8523.80, ambayo ni ya santuri, ili mzigo usije ukapangiwa kundi lingine.

Hatua ya 6: Kuosha na kupiga

Vinaili: sehemu nne za maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, kwa sehemu moja ya pombe ya isopropili, na tone moja la sabuni ya vyombo. Stairini: maji na tone la sabuni tu, acha pombe. Pangusa kwa kufuata mifereji, usiloweshe karatasi, suuza kwa maji safi, simamisha ikauke kivulini.

Tundu la singo za Marekani ni la milimita 38, hivyo unahitaji adapta ya katikati. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, si ya duaradufu, na uzito wake juu ya santuri ufuate maelekezo ya mtengenezaji. Usipunguze uzito ukidhani unaihurumia santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka na kuchimba.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Mwalimu, muuzaji ameandika "VG++". Hiyo ipo wapi kwenye kipimo?
Jibu: Haipo, kaka. Ni VG+ iliyovaa suti. Lipa bei ya VG+, na muulize kama aliipiga au aliitazama tu chini ya taa. Asiyejibu swali hilo, muache.

Nairobi: Nina singo ya Edwin Starr ya lebo ya Polydor, ya Uingereza, upande mmoja "Stop Her on Sight", wa pili "Headline News". Nihesabu kama Ric-Tic?
Jibu: Ni santuri halali lakini si Ric-Tic. Marekani nyimbo hizo zilitoka kwenye singo mbili, 109 na 114. Polydor walizikutanisha 1968. Iweke kwenye rafu, ila namba zako mbili bado ziko wazi.

Mombasa: Zangu zimeota madoa meupe, ni za stairini. Nifanyeje?
Jibu: Ni kuvu. Osha kwa maji na sabuni kama nilivyoeleza, rudia mara mbili. Bahasha za zamani zitupe, usioshe santuri ukairudisha kwenye kuvu ileile. Tumia bahasha mpya za karatasi isiyo na asidi, na za nje ziwe za polithini, si PVC, maana PVC hunata kwenye joto. Sanduku lisigusane na ukuta wala sakafu.

Muscat: Moja ilisahaulika garini adhuhuri, imejikunja. Kuna dawa?
Jibu: Kama ni vinaili, ibane kati ya vioo viwili vinene, uzito juu, chumba cha kawaida, uiache wiki kadhaa. Inaweza kunyooka au isinyooke. Oveni hapana: mifereji huharibika kabla santuri haijalala. Stairini iliyojikunja haina tiba.

Dar es Salaam: Bajeti ni dola 50, nauli ikiwemo. Nianze na zipi?
Jibu: 103, 104 na 110, hiyo ya mwisho ni J.J. Barnes, "Real Humdinger". Zote kwa muuzaji mmoja, VG+, mzigo mmoja. Nyongeza kama fedha itabaki: 101 au 102 za Freddie Gorman, yule mpeleka barua wa Detroit aliyeshiriki kutunga "Please Mr. Postman". Ila hizo usizinunue bila picha ya ukanda mtupu.

Tanga tena: Na nikipata picha ya ukanda lakini haisomeki?
Jibu: Muombe aweke karatasi nyembamba juu ya ukanda na asugue kwa penseli laini. Herufi zitajitokeza.