Jinsi ya kumtazama Fawad Khan kutoka mwanzo ukiwa Kisumu na bando ya kawaida

Watu wengi huku kwetu wanamjua Fawad Khan kwa sura tu. Wamemwona kwa muvi moja ya Kihindi wakakaa wakijua ni Mhindi, wengine wameona vipande vya nusu dakika kule TikTok na wimbo wa huzuni juu yake, basi. Huyu ni Mpakistani, alizaliwa Karachi tarehe 29 Novemba 1981, masomo ya juu akasomea Lahore, tena mambo ya kompyuta, na kabla ya kuigiza watu wajue jina lake alikuwa anaimba kwa bendi ya roki inaitwa Entity Paradigm.

Ukitaka kumjua vizuri kuna mpangilio, na huo mpangilio ndio kila kitu juu ukianzia pabaya utaona kijana mtanashati amesimama anaangalia dirisha, utajiuliza hawa watu wanapigia nini kelele, utazima. Nguvu ya huyu jamaa iko kwa kujizuia. Kuna waigizaji wakikasirika wanavunja vikombe, yeye akikasirika anaongea polepole zaidi, na macho yanabadilika kidogo tu. Hio haionekani kwa kipande cha TikTok, lazima ukae naye.

Kitu kizuri ni kwamba kazi zake sio nyingi. Drama za Pakistan nyingi sio kama zile za Zee World ambazo zinaenda miaka mpaka unasahau nani alikuwa bibi ya nani, hizi zinaandikwa mwanzo mpaka mwisho, zinatoka mara moja ama mbili kwa wiki na zinaisha. Humsafar iko na episodi 23, Zindagi Gulzar Hai iko na 26, kila moja kama dakika 40 hivi. Mtu mwenye kazi anaweza kumaliza moja kwa mwezi bila kukosa usingizi.

Anza na Zindagi Gulzar Hai. Najua mashabiki wa kitambo watakataa, watasema Humsafar ilitoka kwanza na ndio ilimfanya staa, na ni kweli Humsafar ilianza 2011 na hii ingine ikafuata mwisho wa 2012, lakini mimi nasimama hapo hapo. Sababu ni hii. Zindagi Gulzar Hai inaanza na nyumba ambayo mtu wa Kakamega au Siaya anaijua bila kuambiwa: mama ni mwalimu, ako na wasichana watatu, baba alienda akaoa mke wa pili juu alitaka kijana. Mama anabaki kulipa karo peke yake na msichana mkubwa, Kashaf, anakua na uchungu ndani, anaona kila mwenye pesa ni adui. Sanam Saeed ndiye ameigiza Kashaf na ameigiza vizuri mno. Fawad anaingia kama Zaroon, kijana wa familia tajiri, msomi, mwenye maringo, ana mawazo ya ajabu kuhusu vile mwanamke anafaa kukaa, na mwanzoni hutampenda. Ndio vizuri. Utamtazama akibadilika polepole, na hao wawili kila mmoja ako na shajara yake anaandika kile hawezi kusema mbele ya watu, kwa hivyo unasikia ndani ya vichwa vya wote. Angalia sana zile sehemu Kashaf anaongea na Zaroon anasikiliza tu. Hapo ndio utajua kama huyu mwigizaji ni wako ama sio wako. Imeandikwa na Umera Ahmed na ikaelekezwa na Sultana Siddiqui, huyo mama ndiye mwanzilishi wa Hum TV yenyewe, ile chaneli ya Pakistan iliyoionyesha.

Sasa mambo ya kuipata. Chaneli kubwa za Pakistan, Hum TV, ARY Digital na Har Pal Geo, zinaweka drama zao YouTube bure, episodi nzima nzima, na huku Kenya zinafunguka bila shida (ndani ya India zilifungwa 2025, nitafika hapo). Hizi mbili nimetaja ni za Hum TV, kwa hivyo tafuta jina la drama na uhakikishe chaneli ni ile yao yenye tiki, sio mtu ameikata vipande kumi akaongeza muziki wake. Kabla ujitolee, fungua episodi ya kwanza na uangalie kama iko na sabtaito, juu lugha ni Kiurdu na zingine ziko nazo zingine hazina. YouTube inaweza kutafsiri yenyewe mpaka Kiswahili lakini ile tafsiri ya mashine inaharibu maneno matamu yote, afadhali Kiingereza kama unakisoma.

Bando isikutishe. Weka 360p, kwa simu huoni tofauti kubwa, drama za 2012 hazikurekodiwa za kung'aa hivyo. Kama kazini kuna waifai ama uko na rafiki mwenye waifai Milimani, daunlodi episodi nne tano ndani ya YouTube yenyewe ndio ukirudi Manyatta ama Nyalenda jioni unatazama bila kuhesabu MB, na stima ikipotea bado uko na simu. Kwa maduka ya kuwekewa muvi kwa flashi unaweza uliza lakini usishangae ukikosa, na ukipata hesabu episodi zote ziko kabla ulipe, hakuna kitu kinaumiza kama kufika 17 ukapata 19.

Kutazama na familia ndio sehemu inahitaji ufundi. Mama ama dani (nyanya) hataki kukimbiza sabtaito za Kiingereza, kwa hivyo mtu mmoja anafaa kusoma kwa sauti kwa Kiswahili, ama kwa Dholuo, ama kwa Kiluhya kama mko kwa kukhu, nyanya wa Kiluhya. Sisi tumelelewa na DJ Afro, yule msimulizi wa muvi, tunajua kusimulia muvi, lakini hapa badilisha staili kabisa. DJ Afro anajaza kila nafasi na kwa muvi ya vita hio ni tamu sana, kwa Fawad Khan ukijaza kila nafasi umeua kazi yake, juu kazi yake iko kwa zile sekunde hakuna mtu anaongea. Soma mstari, nyamaza. Usitafsiri kila neno, chukua maana. Kabla episodi ianze taja majina na undugu: huyu ni mama ya huyu, huyu ni rafiki anampenda lakini hasemi. Alafu wafundishe majina ya heshima mapema ndio wasipotee, ammi ni mama, bhai ni kaka, baji ni dada mkubwa, phupho ni shangazi upande wa baba, khala ni dada ya mama. Watu wa huku wanashika haraka sana juu sisi pia hatuiti mtu mzima kwa jina tupu. Badilishaneni msomaji kila episodi, koo inachoka.

Ya pili ni Humsafar, na hapa kuna jambo lazima uwaambie watu kabla hata hujabonyeza. Ashar, ambaye ndiye Fawad, anaozwa Khirad, na Khirad ni mtoto wa shangazi yake, dada ya baba yake kabisa. Kwa Waluo na Waluhya binamu ni dada yako, hio ndoa haizungumzwi hata. Pakistan ni kawaida na inaheshimiwa, familia nyingi zinapendelea hivyo, na baadhi ya majirani zako Waislamu hawatashangaa. Usiposema mapema sebule nzima itabishana episodi tatu mfululizo na mtapoteza stori. Ukishasema, watu wanakubali ni desturi ya wenyewe na mnaendelea. Baada ya hapo haihitaji maelezo: mama ya Khirad ni mgonjwa anakufa, anaomba kaka yake asimwachie binti peke yake duniani, kijana anaoa kwa kumheshimu baba, na mama mkwe hataki. Mahira Khan ndiye Khirad, hii ndio drama ilimweka juu yeye pia, na mwelekezi ni Sarmad Khoosat. Nitasema wazi kuna sehemu Ashar ananikasirisha mpaka sasa, anaamini uongo haraka sana na haulizi swali hata moja, lakini tazama vile Fawad hajaribu kumfanya apendeke hapo. Anamwacha akosee. Waigizaji wengi wa sura nzuri wanaogopa kufanya hivyo.

Ukimaliza hizo mbili sasa rudi nyuma. Khuda Kay Liye, 2007, ya Shoaib Mansoor, ndio filamu yake ya kwanza. Ndugu wawili wanamuziki wa Lahore, mkubwa ni Shaan, mdogo ni Fawad, na huyo mdogo anavutwa na mhubiri mkali mpaka anaacha muziki. Kumbuka Fawad mwenyewe alikuwa mwanamuziki wa kweli wakati huo, albamu ya bendi yake ilitoka 2003, kwa hivyo ukimwona anaweka gitaa chini jua anajua anaweka nini. Alafu Dastaan ya 2010, kuhusu 1947 wakati India na Pakistan zilipogawanywa. Hii ni nzito. Mtu aliyekuwa Nakuru ama Burnt Forest wakati wa vurugu za uchaguzi mwanzo wa 2008 atazame akiwa tayari, kuna majirani wanageukiana na kuna wasichana wanaoumizwa, na usiitazame na watoto. Sanam Baloch ndiye anabeba hio drama, Fawad ako pembeni zaidi, lakini bila hio hutaelewa kwa nini ule mpaka wa India na Pakistan ni jeraha kwa hadithi zao zote.

Na huo mpaka ndio uliokata kazi yake, hii sehemu watu wengi wanaikosa. Mwaka 2014 drama za Pakistan zilianza kuonyeshwa India kwa chaneli ya Zindagi, Wahindi wakampenda, na mwaka huo huo akatoa filamu ya Kihindi, Khoobsurat, na Sonam Kapoor akachukua tuzo ya Filmfare ya mwigizaji mpya wa kiume. 2016 ikaja Kapoor & Sons. Ukitazama filamu moja tu ya Kihindi ya huyu mtu iwe hio, yeye ndiye kaka mkubwa, mtoto mzuri wa mama, ambaye amebeba siri ndani ya nyumba yenye kelele, na kila kitu nimesema juu ya kujizuia kiko hapo. Septemba mwaka huo wanajeshi wa India wakauawa Uri, Kashmir, India ikalaumu Pakistan, siasa ikachemka, waigizaji wa Pakistan wakafungiwa mlango. Ae Dil Hai Mushkil ilikuwa imeshamalizwa kupigwa na yeye ako ndani, ikatishiwa, mpaka mwelekezi wake Karan Johar akatoa video kuahidi hatatumia tena wasanii wa Pakistan. Kwa hivyo ukiangalia orodha yake ukaona pengo kubwa baada ya 2016 usiseme alififia. Na 2025 ikajirudia, Abir Gulaal ilikuwa itoke Mei, mashambulizi ya Pahalgam, huko huko Kashmir, yakatokea Aprili, filamu ikazuiwa India na zile chaneli za YouTube zikafungwa huko pia. Mtu ameigiza vizuri, watu wanampenda pande zote mbili, na bado. Inaniuma.

The Legend of Maula Jatt iache mwisho mwisho. Ilitoka 13 Oktoba 2022, ya Bilal Lashari, kwa Kipunjabi, ni mwanzo mpya wa Maula Jatt ya 1979, na ndio filamu ya Pakistan iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote. Shoka, damu, vumbi, vifua. Hapo DJ Afro anaruhusiwa, simulia mpaka majirani wasikie. Fawad ndiye Maula, na Hamza Ali Abbasi kama adui Noori Natt karibu amnyang'anye filamu. Lakini vijana wa jimu msitamani ule mwili wa Fawad bila kusikia mwenyewe alichosema: aliongeza uzito kwa haraka sana, figo zikagoma akalazwa, na alisema wazi ile njia haikuwa nzuri na hawezi kuirudia. Huyu ni mtu anaishi na kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 17. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa sindano za insulini, mwambie, anafaa kujua kuna staa anafanya hivyo hivyo kila siku na anafanya kazi.

Barzakh ya 2024 ni episodi sita tu, ako tena na Sanam Saeed, ni ya mafumbo na polepole sana, na iliondolewa YouTube ya Pakistan baada ya watu kulalamika. Itafute ukiwa umeshamzoea, sio kabla.

Ukifika hapo na bado una kiu, usitafute mwingine anayefanana naye. Fuata wale aliofanya nao kazi. Sanam Saeed yuko kwa Cake ya 2018, ya Asim Abbasi ambaye ndiye pia alifanya Barzakh, ni dada wawili na wazazi wanaozeeka na swali la nani atabaki nyumbani kuwaangalia. Hio itazame na ndugu zako wote wakija Desemba.