Mlinganyo wa kikemia haukaririwi, unahesabiwa

Wanaoanza kemia hupewa mambo mengi ya kukariri kwa pamoja: alama za elementi, fomula, halafu milinganyo. Alama kariri. Fomula zinazorudi mara kwa mara utazizoea. Lakini mlinganyo usiukariri hata kidogo. Nimefundisha wanaoanza kwa muda mrefu, na anayejua kuhesabu atomu za kushoto na za kulia mwa mshale huwa hababaiki hata tukifika kwenye moli, mada ambayo wengi huiogopa.

Kwa sasa huhitaji elementi zote 118. Chukua ishirini za mwanzo, ongeza chuma (Fe), shaba (Cu), zinki (Zn), fedha (Ag) na risasi (Pb), zitakutosha kwa miezi mingi. Ila uwe makini na herufi kubwa na ndogo. Co ni kobalti, metali; CO ni monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu. Daftarini mwako tofauti hiyo ionekane bila mtu kukuuliza ulikusudia nini.

Kisha jifunze kuisoma fomula. Namba ndogo ya chini inahusu kile kilichoitangulia tu. Kama imetanguliwa na mabano, inazidisha kila kilichomo ndani ya mabano. Namba kubwa ya mbele inazidisha fomula nzima. Chukua 3Ca(NO₃)₂. Ndani ya fomula moja mna kalsiamu 1, nitrojeni 2 na oksijeni 6. Ile 3 ya mbele inakupa kalsiamu 3, nitrojeni 6 na oksijeni 18. Ukikosa hapa usiendelee mbele. Rudia kwa Al₂(SO₄)₃, kwa 2Mg(OH)₂, mpaka jibu likutoke bila kusitasita. Wanaoshindwa kusawazisha, yaani kufanya atomu za kila elementi ziwe sawa pande zote mbili za mshale, mara nyingi kilichowashinda ni kusoma.

Kwa nini tunasawazisha? Antoine Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa wa karne ya 18, alipima kwa mizani vitu vilivyomenyuka ndani ya vyombo vilivyofungwa, akaona jumla ya tungamo haipungui wala haiongezeki. Leo tunajua sababu yake: mmenyuko wa kikemia hauumbi atomu wala hauziharibu, unazipanga upya. Atomu 10 za haidrojeni zikiingia, 10 lazima zitoke, hata kama zimebadilisha wenzao.

Sasa mfano. Gesi ya butani inaungua katika oksijeni, inatoa dioksidi ya kaboni na maji:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kabla hujagusa kalamu, shika sharti hili: namba ndogo za chini haziguswi. Mwanafunzi akiona oksijeni ya kulia imepungua, hushawishika kuandika H₂O₂ mahali pa H₂O. Hapo hajasawazisha chochote, ameondoa maji na kuweka peroksidi ya haidrojeni, kitu kingine kabisa chenye tabia zake. Unachoruhusiwa kubadili ni namba za mbele tu.

Anza na elementi inayopatikana katika fomula moja tu kila upande, na ile iliyo peke yake, kama oksijeni hapa, iache mwisho. Kaboni ni 4 kushoto, kwa hiyo weka 4CO₂. Haidrojeni ni 10 kushoto, nayo kila molekuli ya maji ina 2, kwa hiyo weka 5H₂O. Sasa hesabu oksijeni ya kulia: 8 kutoka 4CO₂ na 5 kutoka 5H₂O, jumla 13. Kushoto oksijeni huja mbilimbili, na 13 haigawanyiki kwa 2. Wengi hufuta kila kitu hapa na kuanza upya. Usifute! Andika 6.5 mbele ya O₂, kisha zidisha mlinganyo wote kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Hakiki: kaboni 8 na 8, haidrojeni 20 na 20, oksijeni 26 na 26. Jumla ya namba za mbele ni 15 kushoto na 18 kulia, na hilo si kosa. Kinachopaswa kulingana ni atomu, si molekuli.

Kusawazisha hakukuambii kitakachotokea. Oksijeni ikiwa haba, butani hiyohiyo hutoa pia monoksidi ya kaboni, na mlinganyo wake ni mwingine. Zao la mmenyuko unalijua kwa majaribio na kwa kuzifahamu tabia za elementi; kuhesabu kunafuata baadaye.

Ukifika hapo, moli ni hatua fupi. Namba za mbele zinahesabu molekuli, lakini mizani inapima gramu, na molekuli ni ndogo mno kuhesabiwa mojamoja. Kwa hiyo tunazihesabu kwa mafungu, kama watu wanavyohesabu kwa dazeni. Fungu hilo ndilo moli, na tangu mwaka 2019 limewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Faida yake ni hii: tungamo ya atomu iliyoandikwa kwenye jedwali la elementi, ukiisoma kwa gramu, ndiyo tungamo ya moli moja. Kaboni ni 12, haidrojeni 1, oksijeni 16, kwa makadirio ya darasani.

Tuseme una gramu 4 za methani, na swali linataka gramu za maji zitakazotoka ikiungua yote:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Moli moja ya methani ni gramu 12 + 4 = 16, kwa hiyo gramu 4 ni moli 0.25. Mlinganyo unasema methani 1 hutoa maji 2, basi maji ni moli 0.5. Moli moja ya maji ni gramu 18, jibu ni gramu 9. Njia ni hiyo kila mara: kutoka gramu nenda kwenye moli, vuka kwa namba za mbele, rudi kwenye gramu. Anayejaribu kuvuka kwa gramu moja kwa moja hupata jibu linalofanana na kweli, nalo si kweli.

Sasa fanya mwenyewe, bila kuchungulia mstari unaofuata: chuma (56) na oksijeni vinatengeneza Fe₂O₃. Sawazisha, kisha pima pande zote mbili kwa gramu.

Namba za mbele ni 4, 3 na 2. Kushoto ni gramu 224 za chuma na 96 za oksijeni, kulia ni gramu 320 za oksidi. Kama gramu zako hazikulingana, tazama kwanza ulivyoisoma Fe₂O₃.