Kunoa msumeno wa mkono kwa tupa

Karakana nyingi sasa zina msumeno wa umeme, na ule wa mkono hubaki ukining'inia ukutani mpaka umeme ukatike. Ukishushwa haukati, maana hakuna aliyeunoa, kwa hiyo unanunuliwa mwingine. Inasikitisha, kwa sababu kazi yenyewe inataka tupa mbili, jiliwa ya kubania, koleo la kupindia meno, kinoo na mkono uliotulia.

Kwanza tazama ncha za meno. Zikiwa nyeusi au za kibuluu ilhali bapa, yaani bamba la msumeno, ni jeupe, zimekazwa kwa moto kiwandani na ni ngumu kama tupa. Huo haunoleki, ukiulazimisha utaharibu tupa bure.

Bana msumeno kati ya mbao mbili zilizonyooka, meno yachomoze nusu sentimita tu. Yakizidi hapo, bapa hutetemeka, na tupa hupiga kelele kali na kuisha mapema.

Pitisha tupa bapa juu ya ncha zote, toka mpini hadi mwisho, mpaka kila jino lionyeshe alama ndogo inayong'aa. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa msumeno unarukaruka: meno marefu ndiyo yanayokata, mafupi hayagusi mbao.

Sasa pinda meno kwa zamu, moja kulia, linalofuata kushoto. Kwa koleo la kupindia, shika nusu ya juu ya jino pekee, kwani likipindwa shinani hukatika. Njia ya msumeno, yaani upana wa mkato wake, isizidi mara moja na nusu ya unene wa bapa. Mninga mkavu unataka upindaji mdogo. Mbao mbichi zinataka zaidi, la sivyo msumeno utabanwa.

Kwenye kunoa kwenyewe usikimbie. Chukua tupa ya pembetatu, upande wake uwe na upana kama mara mbili ya kimo cha jino. Kwa msumeno wa kupasulia mbao kwa urefu, tupa ikae mraba na bapa, yaani kwa digrii 90. Kwa ule wa kukatisha mbao kwa upana, igeuze digrii 20 hadi 25 kutoka hapo. Ingiza tupa kwenye pengo, ruka moja, ingiza linalofuata. Sukuma mbele tu. Wakati wa kurudi iinue. Tupa hugusa meno mawili kwa pamoja, hivyo ondoa nusu tu ya ile alama inayong'aa, kisha geuza msumeno umalizie mapengo yaliyobaki. Alama ikitoweka, acha papo hapo. Msukumo mmoja wa ziada hulishusha jino chini ya wenzake.

Jaribu kwenye kipande cha mbao. Msumeno ukivutika upande mmoja, meno ya upande huo yamepinda mno: yapitishie kinoo kilicholazwa ubavuni, mara moja kwa wepesi, ujaribu tena.

Anayejifunza aanze na msumeno wa kupasulia. Meno yake ni makubwa, na tupa inakwenda mraba tu.